Mdomo Wenye Bei ya Mchezaji: Historia ya Kutangaza Besiboli Redioni

Wapenzi wa soka tumezoea vituko vya dirisha la usajili. Mchezaji anabadilishwa na mchezaji, mwingine anatolewa kwa mkopo, mwingine anasaini timu mbili kwa wiki moja. Lakini mtangazaji kubadilishwa na mchezaji? Katika besiboli ya Marekani jambo hilo lilitokea mwaka 1948, na halijarudiwa tena.

Mwaka huo Red Barber, mtangazaji mkuu wa mechi za Brooklyn Dodgers, aliugua vidonda vya tumbo hadi vikavuja damu, klabu ikabaki bila sauti katikati ya msimu. Bosi wa klabu, Branch Rickey, alikuwa amesikia sifa za kijana aitwaye Ernie Harwell, aliyekuwa akitangaza mechi za Atlanta Crackers, timu ya daraja la chini huko Kusini. Wenye Crackers wakasema bure hatoki mtu. Wao walikuwa na shida ya mdakaji. Rickey akawapa Cliff Dapper, mdakaji wa timu ndogo ya Dodgers mjini Montreal, naye Harwell akapanda kwenda Brooklyn. Watu hao wawili waliobadilishwa hawakuonana ana kwa ana hadi mwaka 2002, Harwell akiwa tayari mzee na sanamu yake inazinduliwa uwanjani Detroit.

Kwa nini mdomo ufikie bei ya mchezaji? Jibu limo ndani ya mchezo wenyewe. Mrushaji anasimama kwenye kichuguu cha udongo, umbali wa mita 18 na ushei kutoka kwa mpigaji aliyeshika gongo. Anarusha. Mpigaji akiupata mpira anakimbia kuzunguka besi. Akiukosa mara tatu, ametoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana zamu, na mambo yanakwenda hivyo kwa awamu 9. Hadi mwaka 2022 mechi ilikula karibu saa tatu, lakini muda ambao mpira unatembea kweli na watu wanakimbia haufiki hata dakika 20. Muda mwingine wote mrushaji anafuta jasho, mpigaji anakaza glovu, mdakaji anatoa ishara za vidole katikati ya mapaja. Mtangazaji wa soka anahangaika asiachwe na mpira. Mwenzake wa besiboli ana zaidi ya saa mbili za kujaza kwa maneno, na hapo ndipo hodari na mbabaishaji wanapojulikana.

Wa kwanza kuingia kwenye mtihani huo alikuwa Harold Arlin, mfanyakazi wa kampuni ya Westinghouse, umri wake miaka 25. Kampuni hiyo ilikuwa inatengeneza redio na ilihitaji kuwapa watu sababu ya kuzinunua, ndiyo maana Novemba 1920 ilifungua kituo cha KDKA mjini Pittsburgh. Agosti 5, 1921, Arlin alikaa nyuma ya eneo la mpigaji katika uwanja wa Forbes Field, mkononi ana simu iliyogeuzwa kuwa kipaza sauti, akawaeleza wasikilizaji jinsi Pirates wa mji huo walivyowafunga Phillies wa Philadelphia 8 kwa 5. Hakukuwa na aliyemtangulia wa kumuiga.

Miezi miwili baadaye, katika fainali za mwaka huohuo, jambo la ajabu zaidi lilifanyika ng'ambo ya mto kutoka New York. Mwandishi wa gazeti alikuwa uwanjani akisimulia mchezo kwa simu. Upande wa pili, katika kibanda kilichojengwa juu ya paa la kiwanda mjini Newark, Tommy Cowan wa kituo cha WJZ alikuwa na simu sikioni, akirudia hewani kila alichoambiwa. Cowan hakuona hata mpira mmoja, na waliomsikiliza waliona wamepata mechi nzima.

Aliyeufanya utangazaji uwe burudani ni Graham McNamee, mwimbaji aliyeingia redioni kutafuta riziki na mwaka 1923 akajikuta anatangaza fainali. Besiboli hakuijua sana. Alichokuwa nacho ni sauti nzito tamu na jicho la kuona mambo ya pembeni: mawingu, kofia za mashabiki, mheshimiwa aliyechelewa kuketi. Baada ya fainali za 1925 barua zipatazo 50,000 zilimfikia. Waandishi wa magazeti hawakufurahi. Ring Lardner, aliyekuwa na kalamu kali kuliko wengi wa wakati wake, alitania kwamba siku hiyo zilichezwa mechi mbili, moja aliyoiona yeye kwa macho na nyingine aliyoisikia McNamee akiitangaza pembeni yake, na hajui aandike ipi.

Kejeli ya Lardner iligusa penyewe, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata sehemu kubwa ya besiboli ya redioni ilikuwa ya kubuni nusu. Kumsafirisha mtangazaji na mitambo kila mechi ya ugenini kulikuwa na gharama. Ikawa karani wa telegrafu anakaa uwanjani na kutuma vifupisho, kwa mfano kwamba mpira wa kwanza umepita na mpigaji hakuuchezea. Studio, mamia ya kilomita kutoka hapo, karani mwingine ananakili kwenye karatasi na kumsogezea mtangazaji. Huyu anaivika nyama mifupa ile. Anagonga kipande cha mti kufanya mlio wa gongo, anafungulia santuri ya kelele za mashabiki, anaipandisha na kuishusha sauti kadiri anavyoona inafaa. Msikilizaji aliye jikoni kwake anaapa kwamba yuko uwanjani.

Bingwa mmoja wa kazi hiyo alikuwa kijana wa kituo cha WHO huko Des Moines, Iowa, aliyetangaza mechi za Chicago Cubs kwa njia hiyo katika miaka ya 1930. Siku moja, kwa simulizi yake mwenyewe aliyoirudia maisha yake yote, karani alimpenyezea karatasi kwamba waya umekatika. Kukiri hewani maana yake wasikilizaji wahamie kituo kingine kilichokuwa kinatangaza mechi hiyohiyo. Akakumbuka kuwa kuna tukio moja tu ambalo haliingii kwenye kumbukumbu za matokeo: mpira uliopigwa ukatoka kando. Basi mpigaji wake akaanza kuupiga kando. Akaupiga tena kando. Mrushaji akapunguzwa mwendo, akainama kufunga kamba za viatu, watoto wakagombania mpira ulioangukia majukwaani, mpira mwingine nusura uwe wa ushindi lakini ukapinda dakika ya mwisho. Ilikwenda hivyo dakika sita na zaidi. Waya uliporudi, karatasi ikasema mpigaji yule alitolewa kwa mpira wa kwanza kabisa. Kijana huyo, Ronald Reagan, aliondoka kwenda Hollywood mwaka 1937, na mwaka 1981 akaapishwa kuwa rais wa Marekani. Wapinzani wake walikuwa na haki ya kusema mazoezi aliyafanya mapema.

Ulikuwa udanganyifu? Vituo vingi havikuuficha, na karani wa telegrafu alikuwa akisikika nyuma akibofya. Mimi naona kosa lilikuwa dogo kuliko raha. Hata Harwell, mtu mwadilifu aliyependwa Detroit alikotangaza kwa miongo minne, hakuacha kutia kitunguu chake kwenye mchuzi: mpira ukitua majukwaani, alisema umedakwa na bwana mmoja kutoka mji fulani wa Michigan. Hakumjua bwana huyo wala mji wake wa asili. Aliutaja tu, na watu wa mji huo wakalala na furaha.

Wenye vilabu nao walikuwa na hofu ya aina yake. Kwa hesabu zao, anayesikia bure hatanunua tiketi. Vilabu vitatu vya New York, yaani Yankees, Giants na Dodgers, vilikubaliana tangu 1934 kuziba redio kwa miaka mitano. Mkataba ulipokwisha, Larry MacPhail, aliyekuwa amehamia Dodgers kutoka Cincinnati, alikataa kuendelea nao na mwaka 1939 akamleta Red Barber, yule tuliyemwacha na vidonda vya tumbo. Wenzao wa jijini hawakuwa na la kufanya ila kufuata.

Barber ndiye aliyeigeuza kazi hii kuwa taaluma. Mbele ya kipaza sauti aliweka kichupa cha kioo chenye mchanga unaoteremka kwa dakika tatu, kile cha kupimia mayai ya kuchemsha. Mchanga ukiisha, anasema matokeo na kukigeuza. Alijua kila dakika kuna mtu anayewasha redio, na swali la kwanza la mtu huyo ni nani anaongoza. Nimesikia watangazaji wetu wengi, wazuri tu, ambao wangefaidika na kichupa hicho. Robo saa inapita hujui ni ngapi kwa ngapi.

Alikuwa pia mkali kuhusu ukweli. Yeye ni mtoto wa Kusini, kazaliwa Mississippi na kukulia Florida, enzi za ubaguzi wa kisheria. Mwaka 1945 Rickey alimnong'oneza kwamba analeta mchezaji Mweusi, na Barber akarudi nyumbani kumwambia mkewe anaacha kazi. Hakuacha. Alijikumbusha kwamba kazi yake ni kusema kinachotokea uwanjani, na mchezaji huyo, Jackie Robinson, alipoingia Aprili 1947, Barber alimtangaza kama mchezaji mwingine yeyote. Ukali huohuo ndio uliomponza. Septemba 22, 1966, akiwa sasa na Yankees, watu 413 tu waliingia katika uwanja wenye nafasi zaidi ya 60,000. Barber aliomba kamera ya televisheni ioneshe viti vitupu. Chumba cha mitambo kikakataa. Yeye akasema hewani kwamba habari ya siku hiyo ni umati huo mdogo, wala si mchezo. Siku chache baadaye aliambiwa mkataba wake hautaongezwa.

Kabla ya hapo alikuwa amemlea kijana mwenye nywele nyekundu kutoka New York, Vin Scully, aliyeingia Dodgers mwaka 1950 na kutoka 2016, misimu 67 kwa klabu moja. Dodgers walipohamia Los Angeles mwaka 1958 walianzia Coliseum, uwanja wa Olimpiki wa 1932, mkubwa kiasi kwamba aliyekaa juu aliona wachezaji kama sisimizi. Mashabiki wakaanza kwenda na redio ndogo za transista ili Scully awaeleze walichokuwa wanakitazama. Mwaka 1960 aligundua kwamba ni siku ya kuzaliwa ya mwamuzi Frank Secory, akawaambia wenye redio wamtakie heri kwa sauti moja. Uwanja mzima ukaitikia, mwamuzi akashangaa wamejuaje.

Scully alifanya kazi peke yake, bila mchambuzi wa kupokezana naye maneno, akizungumza na msikilizaji kama jirani. Lakini kipaji chake kikubwa kilikuwa kunyamaza. Aprili 8, 1974, mjini Atlanta, Hank Aaron alipiga kwa mara ya 715 mpira uliovuka uzio wa uwanja na kuvunja rekodi ya Babe Ruth, baada ya miezi ya barua za matusi na vitisho kwa sababu ya rangi yake. Scully alitamka kwamba mpira umetoka, kisha akaacha kelele za watu na milio ya fataki ziongee. Aliporudi, alisema kile ambacho wengi hawakukigusa: mtu Mweusi anashangiliwa na umati uliosimama, huko Kusini hasa.

Pembeni yake kwa miaka mingi alikuwapo Jaime Jarrín, mzaliwa wa Ecuador aliyetua Marekani mwaka 1955 bila kuujua mchezo huu. Mwaka 1959 alianza kuutangaza kwa Kihispania. Miaka ya mwanzo hakusafirishwa kwa mechi za ugenini. Alikaa studio Los Angeles, anamsikia Scully masikioni na papo hapo anazungumza Kihispania hewani. Fernando Valenzuela, mrushaji kijana kutoka Meksiko, alipolipuka mwaka 1981, Jarrín ndiye aliyekuwa mkalimani wake mbele ya waandishi. Alistaafu 2022. Kwa Walatino wa jiji lile, sauti ya besiboli ilikuwa yake.

Mengine ni ya juzi. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, watangazaji wengi walibaki mjini kwao na kutangaza mechi za ugenini kwa kutazama skrini. Cowan wa kibanda cha Newark angeicheka teknolojia hiyo mpya. Mwaka 2023 ligi ilimwekea mrushaji saa, sekunde 15 besi zikiwa tupu na 20 zikiwa na mtu, na mechi zikafupika kwa zaidi ya dakika 20. Mapumziko ambamo simulizi ziliota yamepungua. Mwaka 2024 Jenny Cavnar alishika kipaza sauti cha Oakland Athletics akiwa mwanamke wa kwanza kuwa mtangazaji mkuu wa mechi za timu ya ligi kuu, zaidi ya karne moja tangu Arlin.

Msomaji ambaye hajawahi kushika gongo la besiboli asiseme hayamhusu. Aitafute rekodi ya awamu ya 9 ya Septemba 9, 1965, Sandy Koufax wa Dodgers akiwarushia Chicago Cubs. Mechi hiyo haikuoneshwa na televisheni, kwa hiyo kilichopo ni Scully na makelele ya uwanja. Aangalie jinsi anavyotaja saa kamili ili mrushaji abaki na kumbukumbu, jinsi anavyoeleza mkono, kofia na jasho, na jinsi mpigaji wa 27 na wa mwisho anapotolewa, saa 3:46 usiku, anavyokaa kimya kwa sekunde 38. Mtangazaji chipukizi wa mpira wa aina yoyote akiisikiliza mara mbili atakuwa amepata somo la bure kutoka kwa mwalimu bora kuliko wote waliowahi kuifanya kazi hii.