Kiu ya ukamilifu huweza kumdhuru tineja kimyakimya

Mwanafunzi anayeongoza darasani, mwenye daftari nadhifu na nidhamu ya kupigiwa mfano, si rahisi kushukiwa kuwa anaumia moyoni. Ndiyo maana kiu ya ukamilifu, yaani hali ya mtu kujiwekea viwango visivyofikika na kujilaumu vikali anapovikosa, huweza kumtafuna tineja kwa muda mrefu kabla ya mzazi au mwalimu kung'amua.

Kiu hii isichanganywe na bidii. Mwenye bidii akipata alama ya B+ hufurahi, kisha hutafuta alikoteleza. Mwenye kiu ya ukamilifu huiona alama hiyo kuwa fedheha, akapima kwayo thamani yake yote kama binadamu.

Mnamo 1991, wanasaikolojia wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waliigawa hali hii katika aina tatu: kujidai ukamilifu wewe mwenyewe, kuwadai wengine, na kuamini kwamba watu hawatakukubali usipokuwa mkamilifu. Aina ya tatu huhusishwa sana na mfadhaiko, wasiwasi na hata mawazo ya kujiua. Thomas Curran na Andrew Hill walichanganua majibu ya wanafunzi zaidi ya 41,000 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza yaliyokusanywa kati ya 1989 na 2016. Walibaini kuwa aina hiyo ya tatu iliongezeka kwa asilimia 33.

Humu nchini, ambako matokeo ya KCSE huamua kozi ambazo mtahiniwa anaweza kusomea chuoni, si ajabu kijana kuamini kuwa herufi moja ndiyo maisha yake.

Miongoni mwa dalili ni kufuta na kuandika upya kazi mara nyingi, kuahirisha kazi kwa hofu ya kukosea, kukosa usingizi, kuumwa na kichwa au tumbo msimu wa mitihani, na kuficha matokeo.

Mzazi anashauriwa kusifu juhudi badala ya alama pekee, kuepuka kumlinganisha mwanawe na wa jirani, na kumsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kushindwa akainuka. Kijana anapojitenga au kutaja kifo, asikemewe wala kupuuzwa. Apelekwe mara moja kwa mshauri nasaha au hospitalini.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Tineja anahitaji kulisikia hilo nyumbani, tena kabla ya matokeo kutangazwa.