Bidhaa Zilizofichwa na Bidhaa Zisizokuwapo

Watanzania waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 huikumbuka hali ya wakati ule kwa majina ya vitu: sabuni, sukari, mafuta ya kula, kanga, dawa ya meno, betri za redio. Vilipatikana kwa kibali, kwa foleni, au kwa bei ya kuruka. Masimulizi ya vijiweni huigawa miaka ile mara mbili tu, kabla ya ruksa ya biashara na baada ya Ali Hassan Mwinyi kuingia Ikulu Novemba 1985. Mgawanyo huo ni mwepesi mno. Soko la Tanzania lilianza kufunguka kwa sababu msako wa wahujumu uchumi wa 1983 ulishindwa, na kushindwa huko kulikwisha kuzaa matunda Mwinyi akiwa bado hajawa Rais wa Muungano.

Hali yenyewe haikuanzia madukani. Mafuta yalipanda bei 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, kisha ikaja vita ya Kagera, ambayo baada yake Rais wa wakati huo, Mwalimu Nyerere, aliwataka wananchi wajifunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda ukazidi kukazwa. Mwaka 1981 serikali ilitoa mpango wa kunusuru uchumi, uliolenga kuongeza mazao ya kuuza nje na kubana matumizi, na mwaka uliofuata ukaja mwingine wa kurekebisha muundo wa uchumi. Yote miwili ilimtegemea mkulima, na mkulima alikuwa amekwisha kuvunjwa moyo. Tazama korosho ya Mtwara na Lindi: msimu wa 1973/74 nchi nzima ziliuzwa takriban tani 145,000, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno hayakufika hata theluthi ya hapo. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimefutwa 1976, na mamlaka za mazao zilizoshika nafasi yake zililipa kidogo, tena kwa kuchelewa. Zaidi ya hayo, mkulima aliyelipwa akienda dukani alikuta rafu tupu. Ya nini basi kupalilia? Pasipo mazao hapakuwa na fedha za kigeni, na pasipo fedha za kigeni viwanda vilikosa vipuri na malighafi. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze Ulaya, hakikuwahi hata kukaribia uwezo wake.

Hata hivyo, ndani ya chama tawala na serikali maelezo yaliyotawala yalikuwa mengine: bidhaa zipo, ila zimefichwa. Mwishoni mwa Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako nchi nzima. Mamia kwa mamia ya watu walikamatwa, na sheria ikatungwa baada ya wao kuwekwa ndani, ikarudi nyuma kuwakumba, ikaunda mahakama maalumu ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Wenye bidhaa walizitupa usiku barabarani au baharini wasije wakakutwa nazo. Wengi waliushangilia msako huo, na si kwa ujinga. Walanguzi walikuwapo kweli, na baadhi yao walikuwa maofisa wa mashirika yale yale ya umma yaliyopewa kazi ya kugawa. Anayemtetea Sokoine hadi leo ana haki ya kusema kwamba stoo zilifunguliwa na vitu vikaonekana. Lakini kilichoonekana kilikuwa akiba. Kilipokwisha kuuzwa kwa bei ya serikali hakikuwapo kingine cha kukifuata. Wafanyabiashara waliogopa kuagiza hata walichoruhusiwa, na baada ya muda uhaba ukawa mkali kuliko mwanzo. Msako ulikuwa umeijaribu nadharia ya ufichaji kwa nguvu zote za dola, na jibu likaonekana kwenye rafu.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Aprili 1984. Bajeti ya Juni mwaka huo, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, ilishusha thamani ya shilingi hadi takriban 17 kwa dola, ikaondoa ruzuku ya sembe, na ikawaruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Hapo ndipo penye kejeli: fedha zile zile ambazo mwaka mmoja kabla zingempeleka mtu mahabusu zilikaribishwa nyumbani. Zanzibar nayo, chini ya Mwinyi mwenyewe, ililegeza biashara mwaka huo huo.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kazi ya wakopeshaji. Shinikizo lilikuwapo, hata wafadhili wa nchi za Skandinavia walikuwa wameanza kuchoka. Lakini mkataba uliodumu na Shirika la Fedha la Kimataifa ulipatikana 1986 tu, pamoja na Programu ya Kufufua Uchumi na shilingi 40 kwa dola. Nyerere alilikatalia shirika hilo 1979, hata Edwin Mtei akajiuzulu uwaziri wa fedha; angeweza kuendelea kukataa. Asingeweza tena kuwaambia watu kwamba sukari iko kwenye stoo ya fulani. Waliofaidi mlango mpya uliofunguliwa 1984, bila shaka, ni wenye akaunti nje, na mwenye mshahara wa serikali alizitazama bidhaa zikiwa zimejaa dukani pasipo uwezo wa kuzinunua. Ile sheria ya 1983 ilifutwa mwaka uliofuata, ikaja nyingine iliyorudisha kesi hizo Mahakama Kuu. Nayo, pamoja na marekebisho kadhaa, ingali ikitumika, na mashtaka ya uhujumu uchumi yanafunguliwa hata sasa dhidi ya watu waliozaliwa baada ya foleni za sabuni kwisha.