Kuuza nyumba upesi bila kuitupa: karatasi kwanza, rangi baadaye

Anayeuza nyumba kwa haraka huwa na haja. Mgonjwa anasubiri matibabu, mtoto amepata nafasi chuoni, au warithi wamechoka kuvutana juu ya vyumba vya marehemu. Dalali akiinusa haja hiyo, bei hushuka kabla mnunuzi hajabisha hodi. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini nyumba haijiuzi. Huuzwa na mwenyewe aliyejitayarisha.

Karatasi

Mnunuzi mwenye pesa taslimu haogopi ukuta mchafu, huogopa kesi. Kabla ya kutangaza, fanya upekuzi rasmi wa ardhi, ule ambao wengi huuita sachi, uhakikishe jina lililoandikwa ni lako na hakuna kizuizi wala mkopo wa benki juu ya hati. Lipa kodi ya ardhi ya kaunti na upate cheti kuwa hudaiwi. Kama ardhi ni ya kukodi kutoka kwa serikali, maliza na kodi ya huko pia.

Ikiwa hati bado ina jina la marehemu, usiuze kwanza. Mirathi ipite mahakamani, kwa Waislamu mara nyingi Mahakama ya Kadhi, msimamizi ateuliwe na fungu la kila mrithi lijulikane. Dada aliyeolewa mbali au anayefanya kazi Ghuba ana haki yake hata kama haonekani barazani. Asiyeweza kufika aandike hati ya uwakilishi kupitia kwa wakili. Nyumba ya ndoa nayo huhitaji ridhaa ya mume au mke kwa maandishi.

Mombasa tuna jambo letu: nyumba bila ardhi. Jengo ni lako, kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi. Ukiuza, sema wazi kwamba unauza jengo tu, onyesha risiti za kodi ya kiwanja, na mhusishe mwenye ardhi mapema. Ukificha, mauzo yatavunjika siku ya mwisho.

Bei

Usiulize majirani wanataka kuuza kwa ngapi, uliza nyumba za mtaa huo ziliuzwa kwa ngapi. Mthamini aliyesajiliwa atakupa ripoti ya kujitetea nayo mbele ya mnunuzi. Weka moyoni bei ya chini usiyoivuka, wala usimwambie dalali.

Kumbuka pia kodi ya faida. Tangu Januari 2023, muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida aliyoipata. Nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuihamisha husamehewa. Kwa hiyo tunza risiti za matengenezo makubwa, kwani hupunguza hesabu ya faida. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi.

Matengenezo

Usijenge upya. Rekebisha yanayoonekana na yanayonuka. Ukuta ulioliwa na chumvi ukwanguliwe, ukauke, upigwe plasta upya ndipo upakwe rangi, maana rangi juu ya chumvi hubambuka upesi na mnunuzi wa Pwani anajua. Kagua mchwa kwenye boriti na fremu, kutu kwenye mabati, na shimo la choo kama limejaa. Maji ndiyo swali la kwanza: safisha tangi, na kama una kisima, mnunuzi ataonja kujua kama ni ya chumvi. Mwambie kabla hajaonja.

Toa makabati ya ziada, fungua madirisha saa ya upepo, washa taa zote. Kwenye Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, usibadilishe sura ya mbele wala kung'oa mlango wa nakshi bila kibali cha wahifadhi. Mlango huo ni sehemu ya thamani ya nyumba.

Tangazo

Piga picha asubuhi, simu ikiwa imelazwa: sebule, jiko, choo, tangi na barabara ya kufikia. Andika maneno machache ya kweli, kwa mfano: «Nyumba ya vyumba 3, Kisauni, kisima na tangi, gari lafika mlangoni, hati tayari.» Usirushe picha ya hati mitandaoni, kwani matapeli huzitafuta.

Ukimtumia wakala, awe amesajiliwa, na ujira wake uandikwe kabla hajaleta mtu. Madalali watano wenye bei tano humfanya mnunuzi adhani nyumba ina kasoro.

Pesa

Mkataba wa ardhi usioandikwa, kutiwa sahihi na kushuhudiwa haukulindi mahakamani. Kwa kawaida mnunuzi hutoa amana ya asilimia 10, na salio ndani ya siku 90 au kama mtakavyopatana. Kila upande uwe na wakili wake. Usimkabidhi mnunuzi hati asili kwa ahadi ya mdomo, hata akiwa jamaa.

Ukiwa na haja ya pesa leo, wiki mbili za kutayarisha karatasi huonekana ndefu. Lakini mnunuzi akija akakuta kila kitu mezani, hana la kukupunguzia bei, na warithi wako hawatakuwa na la kuulizana baadaye.