Uwazi wa Michoro katika Hataza ya Usanifu ya Marekani

Hataza ya usanifu ni haki anayopewa mbunifu juu ya sura ya kitu: umbo lake, nakshi zake, au vyote viwili. Namna kitu kinavyofanya kazi haimo. Hiyo ina hataza yake, ya uvumbuzi. Nchini Marekani haki hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1842, na mwaka huohuo George Bruce wa New York akapata hataza ya kwanza ya aina hii, kwa herufi za kupigia chapa. Mwaka 1879 mchongaji Mfaransa Auguste Bartholdi alipata yake kwa Sanamu ya Uhuru, ambayo leo imesimama bandarini New York.

Katika hataza ya uvumbuzi, mipaka ya haki huwekwa kwa maneno, na madai yanaweza kujaza kurasa. Hataza ya usanifu ina dai moja tu, la sentensi moja: mwombaji anadai usanifu wa mapambo wa birika, tuseme, kama unavyoonekana kwenye michoro. Kwa hiyo mchoro ndio dai lenyewe. Mwaka 1886, katika kesi ya Dobson v. Dornan iliyohusu mazulia, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuona kwamba picha huueleza usanifu vizuri kuliko maelezo ya maneno.

Msingi wa kisheria

Sharti la uwazi limo katika kifungu cha 112 cha sheria ya hataza. Kifungu hicho kinadai mambo mawili: ombi lifichue usanifu kiasi cha kumwezesha mtu wa fani kuutengeneza, na dai liwe bayana kiasi cha kumwonyesha kila mtu haki inapoanzia na inapoishia. Kwa usanifu, mambo hayo huenda pamoja. Ikiwa fundi hawezi kuitengeneza birika bila kukisia kina cha mfuniko wake, basi hata mshindani hajui ni birika ipi anayokatazwa kuiga. Kwa sababu hiyo wakaguzi wa Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara mara nyingi hukataa ombi kwa misingi yote miwili kwa pamoja.

Idadi ya mionekano

Kanuni ya 1.152 ya Ofisi hiyo haitaji idadi maalumu. Inataka mionekano ya kutosha kuidhihirisha sura nzima. Kwa kitu chenye pande zote, desturi ni michoro saba: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini, na mmoja wa mshazari unaoonyesha pande kadhaa kwa mara moja. Upande wa kushoto ukifanana kabisa na wa kulia, mmoja unaweza kuachwa mradi maelezo yaseme hivyo. Kitako bapa kisicho na nakshi nacho kinaweza kuachwa.

Sharti gumu zaidi ni la michoro kukubaliana. Chukua birika yetu. Mchoro wa mbele unaonyesha mfuniko wenye kirungu cha duara. Mchoro wa juu unaonyesha kirungu hichohicho kikiwa na pembe nne. Hizo ni birika mbili katika ombi moja, na mkaguzi hana njia ya kujua ipi inadaiwa. Kosa dogo la mkono wa mchoraji, lisiloficha umbo kwa ujumla, haliliangushi ombi, huamriwa lisahihishwe. Linaloangusha ni kutoafikiana kunakomlazimu msomaji kuchagua.

Mistari na maana zake

Mstari mzima unadai kile unachokionyesha, na mstari wa vipandevipande unaonyesha bila kudai. Mbunifu aliyebuni mkono wa birika peke yake atauchora mkono kwa mistari mizima na birika iliyobaki kwa vipande, kisha ataandika kwamba sehemu hizo si sehemu ya usanifu unaodaiwa. Uhalali wa kudai sehemu tu ya kitu ulithibitishwa mwaka 1980 katika kesi ya In re Zahn, iliyohusu shina la keekee. Mpaka usioonekana kwenye kitu chenyewe nao huweza kuchorwa kwa mstari wa vipande, ilimradi maelezo yautaje kuwa mpaka.

Mstari wa vipande hauruhusiwi kuonyesha kilichojificha nyuma ya ukuta usiopenya macho. Vilevile haifai kuchora mfuniko ukiwa umefungwa kwa mistari mizima na ukiwa wazi kwa vipande ndani ya mchoro uleule. Kila hali ipewe mchoro wake.

Vivuli, rangi na picha

Muhtasari mtupu hausemi kama ubavu wa birika umebonyea, umevimba au ni bapa. Kazi hiyo hufanywa na vivuli: mistari myembamba au vitone vinavyofuata mgeuko wa uso. Mistari ya mshazari huonyesha uso unaopenya mwanga au unaong'aa. Weusi mzito hauruhusiwi kuwa kivuli. Nafasi yake ni kuonyesha rangi nyeusi yenyewe au tofauti ya rangi. Picha za kamera zinaweza kutumika, lakini hazichanganywi na michoro ya wino katika ombi moja, na zisionyeshe kitu kisichodaiwa. Meza iliyobeba birika hiyo ibaki nje ya picha.

Kesi tatu

Mwaka 2018, katika In re Maatita, mwombaji alidai sura ya soli ya kiatu cha michezo kwa kuionyesha kutoka chini tu. Mkaguzi alikataa: bila mwonekano mwingine, vina vya michirizi ile vingeweza kuwa vyovyote. Mahakama ya Rufaa ya Federali ilitengua uamuzi huo. Soli, kama zulia, inaweza kueleweka kwa kuitazama upande mmoja, na mchoro wenyewe ulionyesha itazamwe kutoka wapi. Mahakama ikaongeza kwamba kiatu kizima, au birika ya chai, visingetosheka na mwonekano mmoja wa namna hiyo.

Kesi ya In re Owens ya mwaka 2013 ilihusu chupa. Katika ombi la pili, waombaji waliukata uso wake wa mbele kwa mstari wa vipande, wakadai sehemu ya juu peke yake. Walikataliwa, kwa kuwa ombi la awali halikuonyesha kwamba kipande hicho kilikuwa usanifu unaojitegemea.

Jina la kitu nalo hupimwa. Katika Curver Luxembourg v. Home Expressions ya mwaka 2019, michoro ilionyesha nakshi tu, lakini dai lilitaja nakshi ya kiti. Mwenye hataza aliposhtaki juu ya vikapu vyenye nakshi ya kufanana, alishindwa: alidai kiti, si kikapu.

Marekebisho

Sheria inakataza kuongeza jambo jipya baada ya ombi kuwasilishwa. Kilichokosekana katika michoro ya kwanza hakiwezi kuletwa kwa kisingizio cha ufafanuzi. Mara nyingine mwombaji huokoa ombi kwa kuigeuza sehemu yenye utata kuwa mistari ya vipande, yaani kwa kuiachia. Hilo nalo hukubaliwa tu pale michoro ya awali inapouonyesha usanifu uliobaki.

Mbunifu aliyeanza kuomba katika nchi nyingine mwanachama wa Mkataba wa Paris, zikiwamo Kenya na Tanzania, ana miezi 6 ya kuomba Marekani huku akishikilia tarehe yake ya kwanza. Tarehe hiyo italinda tu kilichoonekana katika ombi la mwanzo. Hataza ikitolewa, hudumu miaka 15 bila ada ya kuihuisha, na kwa miaka yote hiyo mpaka wake ni mistari ya michoro iliyotolewa nayo.