Yatima wa Napoli Walivyojifunza Kutunga

Shosho ndiye aliyeniuliza swali lililoninyima usingizi. Nilikuwa nampigia Mozart kwenye kinanda changu cha mtumba. Akasikiliza hadi mwisho, akapiga makofi. "Hiyo ni ya nani?" Nikamwambia. "Haya. Na yako iko wapi?"

Yangu haikuwepo. Nilikuwa nimepita mitihani mitano ya piano na sijawahi kutunga hata mstari mmoja. Mwalimu mmoja alikuwa ameniambia kutunga ni kipaji: unacho ama huna. Nikaamini sina, yakaisha.

Kumbe kuna mji ambao haukungoja kipaji. Karne ya 18, Napoli kule Italia ilikuwa ikitoa watunzi kama vile Kamukunji inavyotoa masanduku ya bati. Na wengi hawakuwa watoto wa mabwanyenye. Mji huo ulikuwa na makao manne ya yatima na watoto wa maskini, ingawa baadaye wenye karo pia walijiunga. Moja, Santa Maria di Loreto, lilianzishwa mwaka wa 1537. Makao hayo yaliitwa konsavatorio, yaani mahali pa kuhifadhi. Kilichohifadhiwa mwanzoni ni watoto, si muziki. Walifunzwa kazi ya kuwalisha, na polepole muziki ukawa ndiyo kazi yenyewe. Walitumwa kuimba kwenye mazishi na maandamano ya kanisa, na pesa zikarudi kulisha nyumba.

Usidhani palikuwa mahali patulivu. Mwaka wa 1770 Mwingereza Charles Burney alitembelea makao ya Sant'Onofrio. Alikuta vinanda saba au vinane vikipigwa pamoja katika chumba kimoja, kila mtoto na wimbo wake. Vitanda vilikuwa humo humo, na ndivyo vilivyokuwa viti. Kwenye ngazi kulikuwa na kijana akipuliza tarumbeta karibu apasuke. Kelele za stendi ya matatu, bana! Na hapo ndipo watunzi walipopikwa.

Sasa, walifunzwaje? Kwanza waliimba do-re-mi kwa miaka, vile tu kwaya zetu zinavyoanza. Kisha wakaketishwa kwenye kinanda na kupewa kitu kinachoitwa partimento: mstari mmoja wa besi, wa mkono wa kushoto, basi. Mkono wa kulia haukuandikiwa kitu. Huo ulikuwa wako kuujaza, papo hapo.

Lakini hukuachwa hivi hivi. Kulikuwa na kanuni za kushika kichwani. Besi ikiwa kwenye do, mkono wa kulia unashika mi na so. Besi ikipanda re, unashika fa na ti. Ikifika mi, unashika so na do. Hivyo hivyo hadi juu, halafu unashuka. Unarudia mpaka vidole vijue kabla ya akili. Baadaye unazivunja zile sauti moja moja, unatia madoido, unajibu besi kwa wimbo. Mwalimu Fedele Fenaroli alichapisha kanuni zake mwaka wa 1775, na kitabu chenyewe hakina maelezo mengi. Ni kama gereji ya jua kali: fundi hakuhutubii kuhusu injini, anakupa spana.

Mmoja wa wanafunzi wa Fenaroli alikuwa Domenico Cimarosa. Babake alikuwa fundi wa kujenga, mamake mfua nguo. Baba akafariki mtoto akiwa mdogo, na mwaka wa 1761 kijana akaingia Loreto. Huyo mwana wa dobi aliacha sonata zaidi ya 80 za kinanda. Mwaka wa 1792 opera yake ilipoonyeshwa Vienna, inasimuliwa kuwa mfalme aliwalisha waimbaji chakula cha jioni, kisha akataka wairudie yote usiku huo huo.

Karne ya 19 ilileta picha nyingine ya mtunzi: mtu wa ajabu, peke yake, akingoja muziki umshukie. Ni picha tamu, lakini inawafungia watu mlango. Mtoto aliyeambiwa hana kipaji haulizi tena, na pengine hakukosa kipaji, alikosa besi na mtu wa kumwambia, "Jaza."

Mimi nilianza na besi ya sauti nne. Wiki tatu, kila jioni, earphone masikioni ili jirani asigonge ukuta. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Siku moja mkono wa kulia ukaenda mahali ambapo sikuwa nimeutuma, na pakawa ndipo.

Juzi nilimpigia Shosho kipande changu, sekunde arobaini hivi. Akainamisha kichwa.

"Imefanana na ile ya yule mzungu wako," akasema.

"Ndiyo, Shosho. Ndivyo watu huanza."

"Basi endelea. Hii ni fupi."