Waanglikana wa Likasi katika mji wa shaba

Likasi ni mji wa shaba wa Katanga, nchini Kongo, ulio kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi. Wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966. Kwa miongo mingi kampuni ndiyo iliyopanga maisha ya watu: kazi za Shituru na Panda, nyumba za kambini, posho, hospitali na shule. Dini nayo iliguswa na mkono huo. Shule za kambi zilikuwa chini ya wamisionari Wakatoliki, na serikali ya kikoloni ilizipa shule zao ruzuku tangu miaka ya 1920, ilhali Waprotestanti walingoja hadi mwaka 1948. Wamethodisti, wakiongozwa na John Springer, walijipatia nafasi Katanga mapema. Waanglikana hawakuwa na misheni kubwa ya kuwasemea.

Kanisa lao nchini Kongo lilianzia mbali sana na shaba, huko Mboga, karibu na mpaka wa Uganda. Mwishoni mwa mwaka 1896 alifika hapo Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka uliotangulia. Mtawala Tabaro alimpinga. Kisha dada yake Tabaro alipofariki kwa kuangukia mkuki, Apolo alishtakiwa, akafungwa, akapelekwa Toro. Alirudi. Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa, na Apolo akaendelea kufundisha hadi kwa Wambuti wa msituni, mpaka alipofariki mwaka 1933. Jambo hili lina uzito wake: mwanzilishi wa Uanglikana wa Kongo ni Mwafrika aliyetoka kanisa jirani.

Kati ya Mboga na Likasi kuna zaidi ya kilomita elfu moja. Katanga ilitazama kusini zaidi. Reli iliyotoka Rhodesia ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na hadi miaka ya 1920 kampuni iliajiri vijana wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambamo misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianza kazi mwaka huohuo wa 1910. Kaskazini nako, Waanglikana waliohama Mboga kwa biashara na kazi walikuwa wakianzisha ibada mijini bila kungoja padri.

Mwishoni mwa mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliyabana makanisa ya Kiprotestanti yawe ndani ya Kanisa la Kristo nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Waanglikana wakawa mojawapo ya jumuiya zake. Dayosisi ya Boga-Zaire (Boga ndiyo Mboga) iliundwa mwaka 1972 chini ya Philip Ridsdale, ya Bukavu ikafuata mwaka 1976. Mwaka 1986 Shaba, jina la Katanga wakati huo, ikapata dayosisi yake, askofu akiwa Emmanuel Kolini, aliyeiongoza hadi alipokwenda Rwanda kuwa askofu mkuu. Likasi iko ndani ya dayosisi hiyo, leo Dayosisi ya Katanga. Zaire ilifanywa jimbo linalojitegemea la Kianglikana mwaka 1992.

Mwaka huo ulikuwa mchungu Likasi. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani, na maelfu wakalala stesheni wakingoja treni, wengi wao wakiwa wazaliwa wa mji huohuo. Wakati huohuo Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilianguka: kutoka zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ilikatika, shule na hospitali za kampuni zikadhoofika, na mzigo ukaangukia familia na makanisa.

Parokia ya Kianglikana katika mazingira hayo husimama kwa nguvu za walei. Padri mmoja huhudumia makusanyiko kadhaa; asipokuwapo, mwinjilisti huongoza sala ya asubuhi kwa Kiswahili, naye padri akifika huadhimisha Ushirika Mtakatifu. Kwaya za vijana hubeba sehemu kubwa ya ibada. Umoja wa Akina Mama, chama kilichoanzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, umekuwa nchini Kongo chombo cha kutembelea wagonjwa, kufariji waliofiwa na kuchangia gharama za kanisa. Anayetaka kuandika historia ya parokia hizi aanze na wamama hao na wainjilisti, kwa maana orodha ya maaskofu pekee haitamweleza zilivyodumu.