Kabla ya Dawati Kulikuwa na Mjomba

Zamani za bibi yangu, mwanamke wa Kikaguru aliyepigwa na mumewe alijua aendako. Alimfunga mtoto mgongoni akapanda mlima kurudi kwa ndugu za mama yake. Wakaguru, kama jirani zao Wasagara, Wavidunda na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Watoto ni wa ukoo huo, na mashamba ya ukoo ndiyo aliyokulia mwanamke huyo. Mume akimtaka mkewe, ilimpasa amfuate huko, akae chini mbele ya mjomba na kujieleza.

Sisemi kwamba ilikuwa pepo. Mjomba naye alikuwa mwanamume, na kama mahari ilikwishaliwa, alikuwa na sababu ya kumhimiza mpwa wake arudi kwa mumewe kabla majeraha hayajakauka. Hata hivyo, mpaka siku ya kurudishwa, mama yule alikuwa amelala chini ya paa ambalo si la mumewe, amekula, na watoto wake wako naye. Paa, chakula na watoto: ndivyo ninavyohangaika kumtafutia kila mama anayenijia leo, mimi msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Kilosa.

Uliovunja njia ile ya mlimani, kwa maoni yangu, ni mkonge. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na kufikia 1914 ilikuwa Kigoma. Ukanda wa Kimamba, Rudewa na Kilosa ukageuka mashamba makubwa ya mkonge yasiyoshiba vibarua. Kuanzia 1944 shirika la SILABU likawa linawakusanya wanaume wa mikoa ya mbali kwa mkataba. Watu waliwaita manamba, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Wengi walikuja peke yao, lakini wengine walifuatwa na wake zao. Huyo mke hakuwa na ukoo Kimamba. Chumba cha kambini kilikuwa cha mwajiri, na alikaa humo kwa sababu mumewe alikata mkonge. Akimwacha mume, amekiacha na chumba. Mama yangu, mwenyeji wa milimani, aliwapokea wanawake hao jikoni kwake usiku na kuwatandikia mkeka. Hakuna aliyeiita huduma, na haikuandikwa popote, lakini mimi naihesabu katika historia ya wilaya hii sawa na reli.

Baadaye ikaja sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitamka wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Naiheshimu sana kwa hilo. Lakini sheria hiyohiyo inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka, na mabaraza niliyoyaona yalijaa wazee wa kiume waliopenda kusema, “Rudini mkayamalize nyumbani.” Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo ilihamisha kaya na kuzipanga upya, hivyo mwanamke aliyekuwa akilia usiku akawa analilia mlangoni kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye pengine alikunywa pombe meza moja na mumewe. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Nimewaeleza uamuzi huo wanawake waliolima na kupika maisha yao yote, nao hunitazama kama ninayewaambia habari za nchi nyingine.

Mikumi, ingawa imo katika wilaya hii hii, ni mbali na hapa, na shida yake ina sura nyingine. Mji ule umekulia kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia: malori, nyumba za kulala wageni, mama lishe. Wanawake wengi ni wa kuja, kama wale wa kambini, na anayeishi na dereva huenda hajui hata kijiji alikozaliwa mwenzake.

Siku hizi tuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na mwaka 2017 ilipitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria inayotutambua sisi wasaidizi. Mwaka wa fedha 2017/18 ulianza mpango wa kitaifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, wenye kamati hadi ngazi ya kijiji. Haya yote ni mema na nayatumia. Ila mama aliyetoka Zombo akiwa na fomu ya polisi ya matibabu, PF3, mkononi bado anauliza atalala wapi leo, nauli ya kurudi wiki ijayo kutoa ushahidi ataitoa wapi, na nani atapalilia mahindi yake. Akikosa majibu, hurudi kwa mumewe, na kesi hufia hapo. Kinachomsaidia mara nyingi ni mfuko wa jamii wa kikundi cha hisa, zile fedha ambazo wanawake huchanga kwa ajili ya misiba na maradhi.

Mkopo wa halmashauri haumsaidii: ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengewa wanawake humtaka awe ndani ya kikundi kilichosajiliwa, na aliyekimbia usiku hana kikundi chake huku alikokimbilia. Kwa hiyo halmashauri inaponiuliza ianzie wapi, siombi semina nyingine. Naomba vyumba viwili karibu na kituo cha polisi, mama mmoja wa kuvisimamia anayelipwa, na kila kijiji kitenge kipande cha ardhi ambacho mama anaweza kulima msimu mmoja huku kesi yake ikiendelea.